Bangi Mezani, Vitabu Kabatini

Kutoka Kondoa hadi ukumbi wa Bunge, Dodoma, si safari ya siku nzima. Basi likiondoka asubuhi, mchana abiria wameshateremka. Huko Kondoa, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikifanya operesheni za kung'oa na kuteketeza mashamba ya bangi. Hapa Dodoma ndipo sheria inayowapa maofisa wake nguvu hiyo ilipopitishwa, na ndipo hurudi kila inapofanyiwa marekebisho. Mkulima akitiwa hatiani, gereza la Isanga haliko mbali. Mahakama ikitilia shaka akili ya mshtakiwa, atapelekwa kuchunguzwa katika Taasisi ya Isanga, na anayehitaji matibabu ana Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoanzishwa mwaka 1927. Mikoa mingine ina mashamba, au ina magereza, au ina wodi. Dodoma ina vyote, na juu yake ina Bunge.

Kwa hiyo swali la sera ya bangi ni la watu wa hapa kwa namna ya pekee, na linastahili kujibiwa kwa kusoma. Mbunge, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dodoma, muuguzi wa Mirembe, au mzazi wa Chang'ombe ambaye mwanawe amekamatwa na misokoto miwili, asome nini ili ajue sheria hii inafaa au haifai? Vilivyoandikwa si haba, na baadhi ni vizuri sana. Tatizo ni kwamba vimetawanyika: historia imo kwenye vitabu vya Kiingereza vya bei kubwa, tiba imo kwenye majarida ya madaktari, sheria imo kwenye hukumu, na kilichobaki kwa Kiswahili, zaidi ni taarifa za kilo zilizokamatwa. Nikivisoma pamoja, naona vinaelekeza kwenye hatua moja ambayo ingeweza kuchukuliwa bila kusubiri mengine yote: mvutaji aondolewe kwenye njia ya jela, na jambo lake liwe la afya. Swali la kulima na kuuza ni jingine kabisa, na hapo nina mashaka makubwa.

Kitabu cha kwanza ni sheria yenyewe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, ilitungwa kama Sheria Na. 5 ya mwaka 2015 na kuchukua nafasi ya ile Na. 9 ya mwaka 1995. Mamlaka iliyoundwa chini yake ilianza kazi mwaka 2017, na mwaka huohuo Bunge liliongeza ukali: msafirishaji wa bangi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na uzito ukivuka kiwango kilichowekwa, kifungo cha maisha. Kifungu cha 29 kinazuia dhamana kuanzia uzito fulani. Kifungu cha 17 ndicho kinachomzungumzia aliyekutwa na kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe.

Msomaji asikimbilie adhabu kabla ya kusoma tafsiri ya kusafirisha dawa za kulevya. Ndani yake mmewekwa kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kumiliki na kupeleka. Yaani dereva wa bodaboda aliyepewa furushi alipeleke Bahi na tajiri mwenye mzigo wote wanaweza kusimama kizimbani kwa kosa lenye jina moja. Hakimu hana nafasi kubwa ya kupima nani alipata faida na nani alipewa nauli tu. Katika sheria yote, hapa ndipo pananisumbua kuliko popote, maana ukali wa adhabu ungeweza kutetewa kama ungemwangukia mwenye biashara.

Mara nyingi huambiwa kwamba mikono yetu imefungwa na mikataba ya kimataifa. Mikataba hiyo ni mitatu, wa 1961, wa 1971 na wa 1988, na inasomeka bure. Mkataba wa 1961 unaruhusu bangi kwa tiba na utafiti, na kifungu chake cha 28 kinaeleza jinsi nchi inayotaka kuilima inavyopaswa kuisimamia. Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 dhidi ya 25, mjumbe mmoja akijizuia, kuiondoa bangi kwenye Jedwali la IV, lile la vitu vinavyohesabiwa kuwa hatari zaidi na visivyo na faida ya maana kwa tiba. Imebaki kwenye Jedwali la I. Kwa hiyo anayesema dunia imeshaihalalisha bangi amekosea, na anayesema dunia imeikataza hata hospitalini amekosea vilevile. Mkataba wa 1988 ndio mkali kuliko yote, kwa kuwa unataka hata kumiliki kwa matumizi binafsi kuwe kosa. Lakini kifungu chake cha 3 kinairuhusu nchi kumpa mtu huyo matibabu, elimu na urekebishaji badala ya kumtia hatiani au kumwadhibu. Hatua ninayoitetea imo ndani ya mkataba wenyewe.

Historia nayo ina lake la kusema. Mwaka 2019, mwanajiografia Chris Duvall alichapisha The African Roots of Marijuana kupitia Duke University Press. Anaonyesha kwamba mmea huu ulivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia ya Kusini ukafika Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya ukoloni, na kwamba uvutaji wake kwa kiko ni ujuzi uliokomaa Afrika. Ushahidi mmojawapo ni vichwa vya viko vya karne ya 14 vilivyochimbuliwa Ethiopia vikiwa na mabaki ya bangi. Kutoka huku mmea na kiko vilisafiri na watumwa, mabaharia, askari na vibarua hadi ng'ambo ya Atlantiki. Hoja yake kubwa inahusu kazi: waliovuta zaidi walikuwa watu wa sulubu, waliobebeshwa, waliochimbishwa, waliotembezwa mbali bila chakula cha kutosha.

Msomaji wa Dodoma ataiona nchi yake humo. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kukatiza Ugogo, ambako misafara ililipa hongo kwa watemi na kununua maji na nafaka. Wapagazi kwa maelfu walipita hapa na mizigo ya pembe na nguo. Richard Burton alipita mwaka 1857, na kitabu chake cha 1860, The Lake Regions of Central Africa, kinaitaja bangi na wavutaji wake. Burton asomwe kwa tahadhari: aliwadharau watu aliowaandika na hakuficha. Hata hivyo maandishi yake yanatosha kuvunja dhana kwamba bangi ililetwa majuzi na wanamuziki wa Jamaika. Ninachokosa kwa Duvall ni sauti ya mpagazi mwenyewe. Vyanzo vyake vingi ni vya wasafiri wa Ulaya, na pale wasafiri walipomwona mvivu, yeye anamwona mtu aliyechoka. Naamini yuko karibu zaidi na ukweli, lakini mpagazi bado hajaulizwa.

Marufuku yenyewe pia ina tarehe. Mwaka 1893 serikali ya Uingereza nchini India iliunda tume kuchunguza bangi. Tume ilihoji mashahidi zaidi ya elfu moja, ikaandika taarifa ya juzuu saba, na kuhitimisha kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa kwa wengi na kwamba marufuku kamili haifai. Miaka 30 baadaye, huko Geneva, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliitaka bangi iingizwe kwenye mkataba wa kasumba, na mkataba wa 1925 ukaiingiza. Mwanahistoria James Mills anayasimulia hayo kwa kina katika Cannabis Britannica cha mwaka 2003. Tanganyika, ikiwa chini ya Waingereza, ilipokea marufuku kama sehemu ya utawala, na Tanzania huru ikairithi. Sisemi sheria ni mbaya kwa sababu mkoloni aliileta. Zipo sheria zake tulizozihifadhi kwa faida. Nasema tu kwamba wakati ule hakuna aliyekuja Ugogo, Kondoa wala Tarime kuuliza mmea huu unafanya nini kwa watu, na tulipojitawala hatukurudi kuuliza.

Kwa mtu anayetaka kuelewa dola za Afrika zimefanya nini na dawa za kulevya, kitabu kifupi na kizuri ni Africa and the War on Drugs cha Neil Carrier na Gernot Klantschnig, kilichotoka mwaka 2012. Wanaonyesha njia tatu: Nigeria iliyokandamiza, Lesotho iliyofumba macho, na Guinea-Bissau ambako wakubwa walihusishwa na biashara yenyewe. Mfano wa Lesotho ndio ulionikaa. Huko milimani bangi imesomesha watoto kwa miaka mingi, na polisi na mwanakijiji wameishi kwa kujuana. Tanzania hawaishughulikii kwa urefu, lakini mtu akijua yanayotokea Arumeru, Tarime au milima ya Morogoro ataona kwamba sisi tumeishi njia mbili kwa pamoja: ukandamizaji siku ya operesheni, na kufumba macho siku zinazobaki. Mwaka 2014 Carrier na Klantschnig, wakiwa na Charles Ambler, walihariri mkusanyiko wa Drugs in Africa, ambao unafaa kwa atakayetaka kuchimba zaidi.

Sasa afya, na hapa waandishi wa mageuzi wengi hupita mbio. Sitaki kupita mbio, kwa sababu Mirembe iko hapa na wazazi wanaowaleta vijana wao wanajua wanachokiona. Mwaka 2017 akademia za taifa za sayansi za Marekani zilitoa tathmini kubwa ya utafiti wote uliokuwapo kuhusu bangi na afya. Walikuta ushahidi thabiti kwamba inasaidia maumivu sugu ya watu wazima, kichefuchefu cha wagonjwa wanaotibiwa saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wenye ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis. Walikuta pia ushahidi thabiti wa uhusiano kati ya bangi na magonjwa makubwa ya akili kama skizofrenia, na kwamba kadiri mtu anavyovuta zaidi ndivyo hatari inavyopanda. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti wa Marta Di Forti na wenzake: wanaovuta kila siku bangi yenye nguvu kubwa walikuwa na uwezekano wa kupata saikosisi unaokaribia mara tano ya wasiovuta kabisa. Skanka, ambayo sasa inakamatwa hapa nchini, ni ya kundi hilo la nguvu kubwa. Mtu anayewaambia vijana kwamba bangi ni jani tu kama mchicha anawadanganya.

Lakini utafiti ule ulifanywa katika miji ya Ulaya na Brazil. Hakuna mji wa Afrika ndani yake. Bangi ya shambani Kondoa haina lazima ya kuwa na nguvu ya ile ya Amsterdam, na mvutaji wa hapa huenda pia ananywa gongo, analala njaa na hana kazi. Je, kinachomfikisha Mirembe ni jani, ni gongo, ni msongo, au ni ugonjwa ambao ungemjia hata asingevuta? Hospitali iliyopokea wagonjwa tangu 1927 ndiyo yenye uwezo wa kulijibu swali hili kuliko chuo chochote cha London. Tafiti zenye uzito za namna hiyo, zikichapishwa pia kwa Kiswahili chepesi, zingetusaidia kuliko hotuba mia.

Na tusiseme utafiti hausikilizwi Tanzania. Tuna mfano wetu wenyewe, na ni mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, heroini ilipokuwa imeshakaa vijiweni Dar es Salaam, watafiti wa Muhimbili wakiwemo Gad Kilonzo na Jessie Mbwambo, pamoja na Sheryl McCurdy kutoka Marekani, waliwafuata mateja walipo badala ya kuwasubiri hospitalini. Waliandika kuhusu sindano zilizopokezanwa, kuhusu wanawake waliojidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga wakitumaini wabaki na chembe ya unga, na kuhusu VVU iliyoenea katika kundi hilo kwa kiwango cha zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu. Maandishi hayo yalimfanya teja aonekane mgonjwa. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadone. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha mikoa mingine, na leo ipo kliniki Itega, chini ya Mirembe, hapahapa Dodoma. Mtu anayetumia heroini, dawa iliyo hatari mara nyingi kuliko bangi, anaweza kwenda asubuhi, akanywa dozi yake mbele ya muuguzi na kurudi kazini. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba.

Methadone haimsaidii mvutaji wa bangi, kwa sababu ni dawa ya uraibu wa jamii ya kasumba tu. Hivyo tumefika mahali pa ajabu: kwa unga tumejenga mlango wa hospitali, na kwa bangi, inayotumiwa na watu wengi zaidi, mlango unaoonekana zaidi bado ni wa kituo cha polisi. Mambo haya hayakupangwa na mtu. Yametokea kwa sababu kuhusu heroini kulikuwa na watu walioandika, na kuhusu bangi tumeandika kidogo mno.

Kwa Kiswahili, tuna taarifa ya kila mwaka ya Mamlaka kuhusu hali ya dawa za kulevya nchini. Ni kazi ya maana na inaboreka. Ile ya mwaka 2023 ilionyesha karibu kilo milioni mbili za dawa za kulevya zilizokamatwa, sehemu kubwa bangi na mirungi, na ilieleza mbinu mpya kama biskuti zenye bangi ambazo watoto wanaweza kuuziwa bila kujua. Mwisho wa mwaka huo zilikamatwa kilo 3,182 za heroini na methamphetamine katika Dar es Salaam na Iringa, mzigo ambao ulistahili kila sifa waliyopewa maofisa. Lakini kilo hupima kazi ya askari. Hazimwambii msomaji kama vijana wanavuta zaidi au wanapunguza, kama bei mtaani imepanda, kama aliyefungwa alikuwa mwenye shamba au kibarua wa palizi, na kama aliyetoka jela amerudi kijiweni. Mzigo mkubwa ukikamatwa, tunaweza kusema tunashinda vita au tunashindwa, na takwimu haiwezi kuamua.

Majadiliano ya Bunge ni hazina nyingine, tena kwa Kiswahili na bure. Wapo wabunge waliosimama humo kuomba bangi ilimwe kwa ajili ya dawa na fedha za kigeni, wakajibiwa kwa vicheko na makofi, kisha hoja ikapita. Februari 2017 mjadala wa nchi nzima ulikuwa wa orodha za majina ya watuhumiwa wa dawa za kulevya zilizotangazwa Dar es Salaam. Kwa wiki kadhaa tulijadili nani ametajwa, na swali la nini kifanyike likasubiri nje. Katika fasihi, riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari, inagusa jinsi umaskini unavyowaingiza watoto kwenye biashara ya dawa hizi. Nadhani kwa Watanzania wengi hicho ndicho kitabu pekee walichowahi kusoma chenye jambo hili ndani yake, na kinawatazama watoto hao kwa huruma, jambo ambalo taarifa za kipolisi haziwezi kulifanya.

Hukumu za mahakama zinasahauliwa na wasio wanasheria, na ni kosa. Mtandao wa TanzLII unazitoa bure. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani, ikikaa Dodoma, iliamua rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, na tangu hapo uamuzi huo unanukuliwa karibu kila kesi ya bangi inapobishaniwa: lazima upande wa mashtaka uonyeshe nani alikamata kielelezo, nani alikipokea, kilihifadhiwa wapi, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu na nani alikirudisha. Mnyororo ukikatika, shaka inakwenda kwa mshtakiwa. Soma rufaa chache tu na utaona watu waliokaa gerezani kwa muda mrefu kabla ya kuachiwa kwa sababu karatasi moja haikujazwa. Utawaona pia wakosaji wa kweli walioponyoka kwa sababu hiyohiyo. Sheria kali inayosimama juu ya karatasi dhaifu haimtishi mwenye fedha za wakili, na inamwangamiza asiye nazo. Hukumu nyingi ziko kwa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama yametoa matumaini, na kazi ya kutafsiri sheria imekuwa ikiendelea. Sura ya 95 na hukumu zake kubwa zingepaswa kuwa mbele kabisa kwenye foleni hiyo.

Tuwatazame majirani, maana kila mjadala wa bangi sasa huanza na Malawi. Ni kweli Malawi ilipitisha sheria ya kusimamia bangi mwaka 2020, Zambia ikafuata mwaka 2021, na mwaka huohuo Rwanda ikatoa amri ya waziri kuruhusu kilimo kwa ajili ya tiba na kuuza nje. Zimbabwe ilitangulia mwaka 2018, Lesotho mwaka 2017. Afrika Kusini ilikwenda njia nyingine: Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima hawezi kuadhibiwa kwa kuvuta faraghani, na sheria ya kutekeleza hilo ilitiwa saini Mei 2024. Kenya, mbunge wa Kibra Ken Okoth alileta wazo la muswada mwaka 2018 akafariki mwaka uliofuata, Warastafari wakaenda mahakamani mwaka 2021, na mwaka 2022 George Wajackoyah akagombea urais kwa ahadi ya bangi akapata chini ya asilimia moja ya kura. Nchini Uganda, mahakama ilibatilisha sheria nzima ya dawa za kulevya Mei 2023, kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, na sheria ikalazimika kutungwa upya.

Nchi zilizoruhusu kilimo kwa ajili ya tiba ziliruhusu kampuni. Zimbabwe ilitangaza leseni ya dola 50,000. Mkulima wa Lesotho aliyelima kwa siri miaka 30 hakupata leseni. Aliona uzio ukijengwa bonde la jirani. Dawa ya kusafirishwa Ulaya inataka mbegu zilizothibitishwa, vitalu vilivyofunikwa, maabara na ulinzi wa saa 24. Mkulima wa uwele wa Chamwino hana hata kimoja. Anayeahidi kwamba bangi itamtajirisha mtu wa kanda ya kati asome kwanza The Groundnut Affair cha Alan Wood, cha mwaka 1950, kuhusu mradi wa karanga wa Kongwa. Serikali ya Uingereza iliingia pale mwaka 1947 ikiwa na matrekta, fedha na hakika, na mwaka 1951 ikauacha mradi ikiwa imepoteza takribani pauni milioni 36. Udongo uligeuka saruji wakati wa kiangazi na mvua hazikufuata mpango. Na leo zabibu, zao linaloipenda ardhi hii kweli, bado wakulima wake wanalalamikia soko kila msimu. Kabla ya kuota zao jingine, tuwanunulie zabibu zao.

Kuna jambo la mirungi nalo, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Sheria yetu inaiweka mirungi kwenye mizani ileile ya bangi. Ukivuka Namanga, mirungi ni zao linalotambuliwa na sheria za Kenya na linalolisha Meru. Mikataba ya Umoja wa Mataifa haiutaji mmea wa mirungi wenyewe, inataja kemikali zilizomo tu. Kwa hiyo kumfunga mkulima wa Same kwa mirungi ni uamuzi wetu wenyewe, haukutoka Geneva wala Vienna. Maandishi ya Carrier kuhusu miraa, yaani mirungi, ya Kenya na ya Susan Beckerleg kuhusu Uganda yanatosha kumwonyesha mbunge yeyote kwamba hatari ya mirungi na ya skanka hazifanani, na adhabu zake hazipaswi kufanana.

Mwenye kutaka marufuku ibaki kama ilivyo ana hoja moja nzito: ukilegeza kwa mvutaji, muuzaji atajificha nyuma yake, akigawa mzigo vipande vidogo. Ni hoja ya kweli. Jibu lake ni kuweka kiwango cha uzito kinachoeleweka na kila askari, na kumwangalia mtu kwa ushahidi wa biashara: fedha, mizani, wateja, ghala. Ureno ilifanya hivyo mwaka 2001. Kuuza kulibaki jinai, na aliyekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku kumi hupelekwa mbele ya jopo linaloshughulika na afya na ustawi wake. Sisi tunayo tayari Itega, tunao madaktari wa Mirembe, tunao maofisa ustawi wa jamii, na tunacho kifungu cha 17 cha kurekebisha. Hatuhitaji sheria mpya yote.

Waheshimiwa wabunge, kabla ya marekebisho yajayo ya Sura ya 95, iombeni Serikali mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Taarifa ya mwaka ya Mamlaka iwe na jedwali la watu waliofungwa kwa bangi: uzito waliokutwa nao, umri wao, na kama walikuwa wenye mali, vibarua au wavutaji. Mirembe ipewe jukumu na fungu la kuchunguza uhusiano wa bangi na magonjwa ya akili kwa wagonjwa wa hapa, na majibu yatolewe kwa Kiswahili. Na sheria hii pamoja na hukumu zake kuu iwekwe kwa Kiswahili katika maktaba ya kila mkoa, kuanzia ya Dodoma.